Kisu Kinaitwa Fanya Kazi, Lakini Kinalala Sefu

Wacha nianze na jina, juu stori yote iko kwa jina.

Kuna kisu cha kukunja kinachotengenezwa mji wa Boise, jimbo la Idaho, Marekani. Kinaitwa Sebenza. Kama unasikiza muziki wa Afrika Kusini, hilo neno si geni kwako. Ni Kizulu, na maana yake ni kufanya kazi. Ukimwambia mtu "Sebenza!" hivyo tu, umempa amri: fanya kazi!

Sasa hicho Fanya Kazi, saizi kubwa, mwaka wa 2019 kilikuwa kinauzwa zaidi ya dola 400. Kwa pesa zetu za wakati huo, elfu arobaini na kitu. Na wengi wa watu niliowaona wakikimiliki hawajawahi kukatia nacho hata kitunguu. Kinakaa kwa sefu, ndani ya boksi lake, kimefunikwa kitambaa kama mwali wa Pwani anayengoja siku ya harusi.

Leo nataka tuongee kuhusu wakati kampuni iliacha kutengeneza toleo moja la hicho kisu, na vile watu wazima walilia. Najua unajiuliza hiyo inakuhusu nini wewe uliye kwa matatu ya Thika Road. Ngoja, tutafika hadi kwa kabati ya mathe wako.

Kwanza, mbona mimi wa Umoja najua hizi mambo? Ni kazi tu. Kuanzia mwanzo wa 2019 hadi 2023 nilikuwa nahariri video za jamaa mmoja Marekani, mkusanyaji wa visu. Simtaji jina, hakunikosea hivyo. Alikuwa anajirekodi kwa meza yake, kitambaa cheusi, taa mbili, visu vimepangwa kwa mstari. Akimaliza kurekodi jioni yake, kwetu ni alfajiri. Naamka, nafungua kompyuta, natoa pale amekohoa, napunguza pale amerudia maneno, naweka maandishi chini ya skrini, namrudishia kabla ya saa nne asubuhi. Dola 12 kwa video. Kwa hivyo kati yetu wote, mimi, yeye na visu vyake, anayekata alikuwa mimi peke yangu.

Ukisikiza mtu akiongea kuhusu visu kila asubuhi kwa miezi, utavijua upende usipende. Na nikwambie ukweli, hiki Sebenza kina stori tamu.

Aliyekibuni ni Chris Reeve, mtu wa Afrika Kusini. Alikuwa fundi wa vyuma, wale wa kutengeneza vifaa vinavyotumika viwandani, ambao kwao kosa la upana wa unywele ni kosa kubwa. Alianzia visu huko kwao Afrika Kusini, kisha mwaka wa 1989 akahamia Boise. Visu vyake akavipa majina ya nyumbani. Mbali na Sebenza kuna Inkosi, yaani chifu. Kuna Mnandi, yaani kitamu, kinachopendeza. Kuna Umnumzaan, neno la kumwita mwenye boma kwa heshima. Manze, mara ya kwanza kuona hayo majina kwa skrini yangu nilicheka peke yangu. Kizulu na Kiswahili ni ndugu. Wao husema inyama, sisi tunasema nyama. Wao abantu, sisi watu. Mmarekani anaongea kwenye video, ananituma niandike maneno yake vizuri, na neno ambalo halimpi shida mtu wa Nairobi ndilo linamfunga yeye ulimi.

Kisu chenyewe ukikiangalia hakina mambo mengi. Bapa mbili za titani, wembe katikati, skrubu chache. Ujanja uko kwa kufuli. Bapa moja imekatwa mkato mrefu ili kipande chake kipinde kidogo kama springi. Ukifungua kisu, hicho kipande kinaingia nyuma ya wembe na kuuzuia usikufungie vidole. Hakuna kipande kingine cha kufuli. Mshikio ndio kufuli. Leo kampuni kibao duniani zinatumia wazo hilo, na ukinunua kisu cha kukunja cha bei ya chini mtandaoni kuna uwezekano mkubwa kufuli yake ni mjukuu wa ile.

Kitu kilinifurahisha zaidi ni boksi. Ndani unapata kisu, ufunguo wa kufungulia skrubu, grisi kidogo, na gundi ya kushika skrubu zisilegee. Yaani kampuni inakwambia: kifungue, kisafishe, kirudishe, wewe ni mtu mzima. Linganisha na simu yako, ambayo kubadilisha betri tu lazima umpelekee fundi.

Sebenza 21 ilitoka mwaka wa 2008. Hiyo namba ilikuwa ya kuadhimisha miaka 21 ya Sebenza. Wakaitengeneza kwa miaka 11, karibu vile vile. Halafu mwisho wa 2019 ikatangazwa kwamba inakuja Sebenza 31, na 21 imeisha.

Nini kilibadilika? Wasee, kidogo sana. Mahali kufuli inagusa wembe wakaweka kijipira cha seramiki, kwa sababu seramiki haiishi haraka kama titani. Kile kibanio cha kuning'iniza kisu mfukoni wakakisogeza. Chuma cha wembe kikawa cha aina mpya. Mtu asiyejua, umwekee zote mbili kwa meza, ataona kisu kimoja mara mbili.

Lakini wiki hiyo sikulala. Video zilikuja mfululizo. Na kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kusikiza kila neno, nilisikia wakusanyaji wakigawanyika mbele yangu.

Kulikuwa na waliokuwa kwa matanga. Hao walisema kitu kilichokuwa kamili kimeharibiwa, na kwamba kijipira kimegeuza kisu chao kuwa mashine nyingine. Walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini, kisu kiganjani, kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa.

Kulikuwa na waliokimbia dukani. Mteja wangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na Sebenza 21 tayari. Akanunua nyingine tatu, na mbili kati ya hizo hakuzitoa hata kwa boksi. Alizionyesha kwenye video zikiwa zimefungwa. Nilikaa hapo nikihariri dakika saba za mtu anayeonyesha maboksi.

Kulikuwa na walanguzi. Hawa tunawajua, ni wale wale wa tiketi za shoo. Ananunua leo, ananyamaza, kesho anaweka tangazo kwamba hiki hakitengenezwi tena, halafu ongeza bei.

Na kulikuwa na fundi mmoja wa stima. Alialikwa kwenye video moja kwa sababu alikuwa na Sebenza ya siku nyingi. Yake ilikuwa imekwaruzwa kila mahali. Ilikuwa imefungua maboksi, imechuna nyaya, imekata mkate, imekata kamba, na wembe ulikuwa umenolewa hadi ukapungua. Alipoulizwa anaonaje habari ya kusitishwa, alionekana kutoelewa swali. Akasema yake bado inakata. Basi. Hiyo ndiyo video niliipenda kuliko zote, na ndiyo iliyotazamwa na watu wachache kuliko zote wiki hiyo.

Sasa rudi Kenya, mwaka huo huo wa 2019. Unakumbuka noti za elfu moja? Tarehe 1 Juni, Madaraka Dei, gavana wa Benki Kuu, Patrick Njoroge, akatangaza noti za zamani za elfu zina hadi mwisho wa Septemba. Kuanzia tarehe 1 Oktoba, ni karatasi. Kila mtu alikimbia kuziondoa. Maduka yakaanza kuzikataa hata kabla ya siku. Walioficha pesa chini ya godoro walitoka jasho. Mwishowe noti kama milioni 7.4 hazikurudi, yaani shilingi bilioni 7.4 zilikufa zikiwa mahali zilikuwa zimefichwa.

Angalia hizo habari mbili pamoja. Noti ilisitishwa, bei yake ikashuka hadi sufuri. Kisu kikasitishwa, bei ikapanda. Mbona?

Kwa sababu noti haina kitu chake yenyewe. Thamani yake ni ahadi ya mtu mwingine, na siku huyo mtu amesema basi, imeisha. Kisu ni tofauti. Asubuhi ya baada ya tangazo, kila Sebenza 21 duniani ilikuwa inakata vile vile ilikata jana. Hakuna kilichotolewa ndani yake.

Sasa hapo ndipo mimi na mteja wangu tungekosana kama tungewahi kuongea kitu kingine zaidi ya kazi. Yeye alikishika kisu kama noti. Alikuwa anaogopa tangazo la mtu wa mbali. Fundi wa stima alikishika kama kisu, na tangazo halikumfikia. Kitu ni kile kile, toleo lile lile. Anayekitumia hakupoteza chochote. Asiyekitumia ndiye alipaniki.

Na siwachekelei waliolia. Kuna kitu halisi walikuwa wanalilia. Sisi tunaishi na vitu vinavyokufa haraka. Unanunua birika la stima, miezi minane limezima. Simu inapewa miaka miwili halafu inaanza kukwama yenyewe. Ukiuliza spea unaambiwa hiyo modeli iliisha, nunua mpya. Mtu akipata kampuni moja iliyofanya kitu kimoja kwa miaka 11, ikakifanya vizuri, na ukikirudisha inakisafisha na kukinoa, huyo mtu amepata kitu cha kusimamia. Wakikibadilisha, hata kidogo, anasikia kama hata hapo pamehamishwa. Hiyo huzuni naielewa kabisa. Nisichoelewa ni kuilia kazi nzuri ya mikono halafu kuifungia ili isifanye kazi.

Kabla hujacheka Wamarekani, twende kwa kabati ya mathe wako.

Unaijua. Iko sebuleni, ina vioo, ina funguo. Ndani kuna vikombe vya wageni, sahani zenye maua, glasi sita ambazo hazijawahi guswa tangu upate akili. Sisi wa nyumba tunakunywa chai kwa kikombe cha plastiki chenye ufa. Mgeni wa kutosha heshima ya zile glasi hajawahi fika. Amekuja pasta, hakupewa. Amekuja mjomba kutoka Qatar, hakupewa. Kwetu kulikuwa na seti ya sahani ambayo shosho alipewa siku ya harusi yake. Alikufa bila kula kwa hata moja. Siku ya matanga ndiyo zilitolewa, na watu waliokula kwa hizo sahani wengine hawakumjua.

So hiyo tabia ya sefu tuko nayo, na tuko nayo tangu zamani. Tofauti ni kwamba ya kwetu haijawahi rekodiwa kwa kitambaa cheusi.

Linganisha na kisu cha mama mboga wa mtaa wenu. Kisu cha mpini mweusi, cha bei ya kawaida sokoni. Anakatia sukuma kutoka jioni watu wakitoka kazi hadi usiku. Haangalii hata mkono, anaongea na wewe, anarudisha chenji, sukuma inashuka nyembamba kama uzi. Yule jamaa wa kuzunguka na gurudumu la kunoa akipita, anampa. Wembe umeliwa hadi umekuwa kama msumari. Huyo mama akiambiwa hivyo visu havitengenezwi tena, atakuuliza kama unataka za ishirini ama za thelathini. Yeye pia bei ya kisu chake haijui. Anajua kazi yake.

Sasa nije kwangu, kwa sababu hii stori ilinirudia kwa njia sikutarajia.

Mwaka wa 2023 mteja akanitumia ujumbe. Mistari minne, ya heshima. Alisema amepata programu inayoandika maneno chini ya skrini yenyewe, inatoa kikohozi yenyewe, na inafanya hivyo kwa dakika chache. Akanishukuru kwa miaka yote. Akaniwekea dola 20 za ziada. Nikasoma mara mbili, nikaelewa. Nimesitishwa.

Hakuna aliyetengeneza video ya kunililia. Hakuna mtu alikimbia kuninunua kabla niishe. Bei yangu haikupanda kwa sababu mimi ni toleo la zamani. Nilikaa kwa keja nikaangalia ule ujumbe, na nikakumbuka zile dakika saba za maboksi. Nilikuwa nimepiga hesabu kitambo: Sebenza moja ni kama video 35 zangu. Boksi mbili zilizofungwa ni video 70. Asubuhi 70 za mtu.

Msinielewe vibaya, pesa ni zake, hana deni na mimi. Lakini niliona kitu. Tukisikia neno kusitishwa tunafikiria kitu. Mara nyingi nyuma ya kitu kuna mtu, na huyo mtu hawekwi kwa sefu.

Hata hicho chuma kilinionyesha hivyo. Wembe wa Sebenza 21 ulikuwa wa chuma cha kampuni ya Crucible, ya Syracuse, New York. Ndio walitoa chuma kinachoitwa S30V mwaka wa 2001, na Chris Reeve mwenyewe alishirikiana nao kukitengeneza. Desemba 2024 Crucible wakaenda mahakamani kusema wamefilisika. Kwa wakusanyaji ilikuwa matanga mengine. Wengine wakaanza kuhesabu visu vyao vyenye hicho chuma, kwamba sasa vitakuwa adimu. Mimi nilikuwa nafikiria yule mtu wa zamu ya usiku pale kiwandani, mwenye mikono inayojua chuma kikiwa tayari ni rangi gani. Yeye pia ni toleo lililoisha. Na yake haiendi mnadani.

Kuna watu watakwambia usijali, kisu kilichositishwa bado kinakata, na wewe pia bado unakata. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Kisu hakilipi kodi. Kisu hakinunui tokeni za stima. Kikikaa miezi mitatu bila kazi hakiulizwi na kerteka wa ploti. Mimi niliulizwa.

Nusu ya pili ndiyo imenibaki nayo. Kile nilichojifunza kwa zile asubuhi hakikuenda na mteja. Kujua ni wapi mtu anapumua kabla ya kusema kitu cha maana. Kujua kukata bila mtazamaji kuona mkato. Sasa nahariri video za wapiga picha za harusi, za jamaa mmoja wa nganya, na za mama anayeuza mitumba moja kwa moja mtandaoni. Wanalipa kwa M-Pesa, wengine kwa awamu, wengine hadi niwakumbushe. Si dola. Lakini ujuzi uko nje unafanya kazi, na unakwaruzika, na hivyo ndivyo unanolewa. Najua wasee wenye vipaji viwili vitatu ambavyo wameviweka ndani vikingoja siku inayofaa: kamera nzuri ikija, mtaji ukija, wafuasi wakifika elfu kumi. Hiyo ni kabati ya sebuleni. Mgeni hatakuja.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Kukusanya si dhambi. Kupenda kitu kilichotengenezwa vizuri ni akili, na natamani watu wetu wa Kamukunji wanaofua chuma kila siku wangepata nusu ya heshima anayopewa fundi wa Boise. Lakini ukisikia kitu unachokipenda kimesitishwa, kabla ya kukimbia kununua vingine vitatu, jiulize kile ulicho nacho umekitumia mara ngapi. Kama jibu ni sufuri, hukuwa unakipenda kile kitu. Ulikuwa unapenda kujua kwamba wengine watakikosa.

Watu huniuliza kama ningepewa Sebenza 21 leo ningeiuza. Kwanza askari wa mlangoni pale mall hataniruhusu kupita nayo, kwa hivyo mfukoni haiwezi kukaa. Ingekaa jikoni. Ningekatia vitunguu, nyanya, maembe yakifika msimu. Ikichafuka ningeifungua na ule ufunguo wake, niisafishe, niirudishe. Ikiisha makali ningemngoja jamaa wa gurudumu, ingawa najua kuna Mmarekani mahali atapiga nduru.

Na wewe? Ni nini kiko kwa kabati yenu kinangoja mgeni? Niandikie hapo chini. Na kama mathe hayuko nyumbani leo, toa glasi moja unywe maji. Ioshe, uirudishe mahali ilikuwa. Mimi sikukutuma.